Miaka ya Pipa Haiutakasi Ulevi

Mreno alipotoka pwani yetu alituachia ngome na maneno. Ngome ya Mombasa alianza kuijenga mwaka 1593, na Waarabu wa Omani wakamtoa humo mwaka 1698. Maneno yake tungali nayo: meza, leso, pipa, mvinyo. Meza twailia, leso twajitanda, pipa twalitilia maji. Hilo la nne wazee wetu walilitaja kwa kukunja uso. Leo nataka kusema juu ya vijana wetu wanaolitaja kwa fahari.

Idi iliyopita kijana mmoja wa jamaa zangu, aliyekwenda Ulaya kutafuta riziki na kuajiriwa katika mkahawa wa kifahari, alirudi kuwasalimia wazee. Tulikuwa barazani, kahawa na halua mbele yetu. Akaanza kutuhadithia alivyofunzwa kazini kuonja na kulinganisha mvinyo wa Porto uliozeeshwa katika mapipa. Waingereza huuandika juu ya chupa “tawny”, yaani wenye rangi ya hudhurungi. Na asomaye kwa ulimi wetu husoma “tauni”. Alisema hupangiwa bilauri nne: ya miaka 10, ya 20, ya 30 na ya 40. Ya kwanza ingali na wekundu na ladha ya tunda. Ya pili rangi imefifia, nayo yanukia lozi na tini kavu. Ya tatu na ya nne zanukia jozi, asali na ganda la chungwa.

Mamake akamwuliza, “Mwanangu, kwani wewe wanywa?”

“La, mama. Twaonja, kisha twatema. Huu si ulevi, ni elimu. Ni utamaduni wa watu.”

Mzee mmoja, mtu wa safu ya mbele msikitini, akasema, “Kazi ni kazi,” akanyosha kikombe aongezwe kahawa. Watoto watano wa kiume walikuwa wamekaa mkekani, midomo wazi, wakimsikiliza kijana yule kama wamsikilizavyo mwalimu wao wa chuoni, bali zaidi. Nami nilinyamaza. Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na la kusema ila neno moja, “haramu”, na neno hilo alikwisha kulisikia tangu utoto wake. Niliporudi nyumbani niliona haya. Basi nikatafuta nijue kitu chenyewe ni nini, na haya ndiyo majibu ambayo ilinipasa kuyatoa siku ile.

Kwanza, ndugu zangu, tukijue kitu. Zabibu za mvinyo huu hutoka bonde la mto Douro, kaskazini ya Ureno. Maji yake huachwa yachachuke, na kabla sukari haijaisha humiminiwa pombe kali ya zabibu, yenye ukali wa 77 katika mia, kiasi cha fungu moja kwa manne ya mvinyo. Uchachukaji hukoma, utamu hubaki, na ukali hupanda hata kufika kama 20 katika mia. Kisha hutiwa katika mapipa ya mbao, na mengi huwekwa katika maghala ya Vila Nova de Gaia, ng’ambo ya mji wa Porto. Hewa hupenya kidogo kidogo katika mbao, na mwaka baada ya mwaka wekundu hugeuka hudhurungi.

Hoja ya kwanza ya wausifuo ni umri. Husema: kitu kilichongoja miaka 40 hakiwezi kuwa sawa na pombe ya vilabuni. Lakini namba ile iliyoandikwa juu ya chupa si umri wa mvinyo wote uliomo! Wenye maghala huchanganya wa zamani na wa karibuni, kisha hupeleka kwa wajuzi wa taasisi ya Ureno inayosimamia mvinyo wa Douro na Porto. Hao huonja, na wakiona una tabia ya mvinyo wa miaka 20, huruhusiwa kuandikwa 20. Basi kijana wetu anasujudia namba, na namba yenyewe ni rai ya ndimi.

Wala hilo silo kubwa. Kubwa ni hili. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi iko njia moja ambayo muda waweza kuutakasa ulevi: nayo ni kugeuka siki wenyewe, pasi na kutiwa kitu. Hiyo siki tutiayo katika achari na kachumbari, asili yake yaweza kuwa mvinyo, nayo ni halali. Mwenyezi Mungu ameuachia mlango. Sasa tazameni walivyofanya watu wa Porto: ile pombe kali waitiayo ndiyo iuzuiayo mvinyo usigeuke siki. Miaka 40 imepita mlangoni, na mlango umefungwa kwa mkono wa binadamu. Je, huo ndio umri wa kujivunia? Mzee aliyeishi miaka 40 akizuiwa kutubu, twamwita mtu mzima au twamwita aliyepotewa na umri wake?

Hoja ya pili ni kwamba ni elimu. Sikatai kuwa ina ujuzi. Qurani yenyewe, katika Surat al-Baqara aya ya 219, haikukanusha kuwa ulevi una manufaa kwa watu. Ilichosema ni kwamba dhambi yake yashinda manufaa yake. Basi kuwa na ujuzi si kuwa halali. Mchawi naye ana ujuzi, na ajuaye kuchanganya riba ana hesabu nzuri kuliko mimi. Na pua ile inayosifiwa huko Ulaya haikufunzwa huko. Ilifunzwa na mamake, kwa udi, kwa asumini, kwa karafuu na iliki ya kahawa. Hata chombo kinachokereka pombe yao kali, Wareno hukiita kwa jina walilolipata kwetu Waislamu, al-inbiq, ambacho kwacho watu wetu walitoa marashi ya waridi. Chombo ni kimoja. Mmoja katoa marashi, mwingine katoa ulevi. Elimu si chombo, ni unachokitakia.

Hoja ya tatu: ni utamaduni wa kale. Ukale huo tuupime. Mvinyo wa Ureno ulitapakaa Uingereza kwa sababu ya ushuru: mkataba wa mwaka 1703 uliutoza ushuru mdogo kuliko mvinyo wa Ufaransa, kwa kuwa wafalme walikuwa na ugomvi wao. Soko lilipokuwa kubwa, wafanya biashara wakaanza kutia maji ya matunda meusi ya porini ili mvinyo dhaifu uonekane mwekundu. Ndipo serikali ya Ureno ilipounda kampuni ya kuusimamia mwaka 1756 na kuiwekea mipaka ardhi yake. Wazee wetu walikwisha kusema: mgema akisifiwa tembo, hulitia maji. Hakwenda Porto aliyetunga methali hiyo.

Na tukitaja tembo, nina neno na sisi wenyewe. Mtu wa jirani akinywa tembo la mnazi chini ya mti, twamdharau, twawakataza watoto wasimpitie karibu. Tembo hilo halifiki hata theluthi ya ukali wa mvinyo wa Porto. Lakini akija mtu na tai shingoni akatusimulia bilauri nne, twamsogezea mto aegemee. Basi twachukia ulevi, au twachukia umasikini? Mtume (s.a.w.) alikwisha tuonya kuwa watakuja watu watakaokunywa ulevi na kuupa jina jengine. Jina la leo ni “utamaduni”.

Hoja ya nne: wao huonja na kutema. Ulevi kwa madhehebu yetu ni najisi; nani atiaye najisi kinywani kisha akajisifu kwa kuitema? Tena makatazo hayakumshika mnywaji peke yake. Mtume aliwalaani watu kumi katika jambo hili, wakiwamo mwenye kuukamua, mwenye kuubeba, mwenye kuuza na mwenye kumnywesha mwingine. Na asemaye kidogo hakidhuru, na ajue kuwa Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema wazi kuwa hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Sisi tuliambiwa kabla yao kwamba kinacholewesha kwa wingi, na kidogo chake ni haramu.

Liko jambo moja lililonichoma zaidi. Kila mwaka sehemu ya mvinyo hupotea hewani kwa kupenya mbao za pipa, na wao huiita “fungu la malaika”. Malaika wasiokula wala kunywa, wasiomwasi Mola wao, wamefanywa washirika wa ghala! Mtoto wa Kiislamu na asicheke akilisikia neno hilo.

Sasa neno la mwisho, nalo si la kijana. Kijana huyu hakuenda Ulaya kutafuta mvinyo. Alikwenda kwa kuwa hapa hakupata kazi, na sisi tulimsindikiza kwa dua na orodha ya mahitaji. Kila mwezi hutuma fedha. Paa la nyumba ile limeezekwa kwazo, na kahawa tuliyokuwa tukinywa siku ile ilinunuliwa kwazo. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza, “Mwanetu, wafanya kazi gani?” Tuliogopa jawabu. Ndiyo maana yule mzee alisema kazi ni kazi, na ndiyo maana nami nilinyamaza.

Basi tusimlaani. Tumwulize, kisha tumsaidie. Jikoni mwa mkahawa mna kazi, na pua kama ile yafaa katika viungo, kahawa na marashi. Akipungukiwa mshahara anapohama, na sisi tupunguze tunayomtaka. Mwenyezi Mungu amemwahidi amchaye kuwa atamfanyia njia ya kutokea. Lakini njia hiyo huenda ikapitia mifukoni mwetu, na hapo ndipo tutakapojua ni nani aliyekuwa akiupenda mvinyo ule.

Mola atuongoe sisi na vijana wetu. Amin.