Kibao Kilichoshuhudia Uwongo

Wako wasemao kuwa kung'oa kibao cha kumbukumbu kando ya njia ni kufuta historia. Basi na watazame mji wa Colfax, Louisiana, huko Marekani. Tarehe 13 Aprili 1873, wazungu wenye bunduki na mzinga waliishambulia korti iliyokuwa ikilindwa na watu weusi waliotoka utumwani. Waliuawa weusi baina ya 60 na 150, wengi wao wamekwisha kusalimu amri. Wazungu waliokufa ni 3.

Serikali ya Louisiana ikaweka kibao, ikayaita mauaji hayo "ghasia", tena ikayasifu kuwa ndiyo yaliyokomesha utawala mbovu! Kikakaa karibu miaka 70, wajukuu wa waliouawa wakipita mbele yake, na msafiri, ambaye hana wa kumwuliza, akisoma na kuamini. Kiling'olewa mwaka 2021.

Sasa nauliza: ni nani aliyefuta historia, aliyeng'oa au aliyeandika? Waliouawa walikuwa na majina. Majina hayo hayakuandikwa kwenye jiwe la ukumbusho ila mwaka 2023, baada ya miaka 150.