Bunduki Peke Yake Hailindi Bahari

Tangu wageni walipoanza kumiminika katika visiwa vya Afrika Mashariki ili kupiga mbizi na kutazama matumbawe, mengi yamesemwa juu ya uzuri wa visiwa hivyo na fedha zinazopatikana. Machache yamesemwa juu ya ulinzi wake. Kwetu sisi askari na polisi, hapana budi tuulize: matumbawe hayo hulindwa na nani, na kwa njia gani?

Tukitazame kisiwa cha Chumbe, kilichoko kusini ya mji wa Unguja. Ni kisiwa kidogo kisicho na kijiji, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Upande wake wa magharibi upo mwamba wenye aina zaidi ya 200 za matumbawe na aina zaidi ya 400 za samaki. Mgeni huvaa miwani ya maji, akatia mrija kinywani, akaelea na kutazama. Watalii hawaruhusiwi kuzamia kwa mitungi ya hewa, na nyumba za kulala wageni ni saba tu.

Yafaa askari ajue jinsi mwamba huo ulivyosalimika. Kwa miaka mingi wavuvi hawakuufikia kwa urahisi, kwa kuwa ulipakana na njia ya meli na eneo ambalo jeshi lilifanyia mazoezi ya kulenga shabaha. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilipoutangaza kuwa hifadhi, ulianza utaratibu mwingine: wavuvi wa vijiji vya jirani walifunzwa na kuajiriwa kuwa walinzi. Walinzi hao hawana silaha. Mvuvi akivuka mpaka, humwendea kwa mashua na kumweleza kwamba samaki wanaozaliana mwambani hutoka na kuingia katika maji anayoruhusiwa kuvua. Kisha huandika taarifa.

Mambo yalikuwa tofauti katika pwani ya Tanzania Bara, ambako uvuvi wa baruti ulienea kwa miongo mingi. Mlipuko huua samaki wakubwa kwa wadogo, wengi wao huzama bila kuokotwa, na matumbawe yanayokua kwa sentimita chache tu kwa mwaka hugeuka kifusi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jeshi la majini lilishirikishwa, na milipuko ikakaribia kukoma. Lakini nguvu ile ilipolegea, katika miaka ya 2000 baruti ilirudi. Ilipungua tena baada ya mwaka 2015, wakati kikosi kazi cha idara mbalimbali kilipoundwa, kikawafuatilia pia wale wanaowapatia wavuvi baruti.

Ni dhahiri kwamba jambo hili si la watu wa pwani pekee. Kutoka kilima cha Kyambogo hadi bandari ya Port Bell ni mwendo mfupi, na hapo Ziwa Viktoria laanza. Mwaka 2017 wanajeshi wetu walipelekwa ziwani kupambana na uvuvi haramu uliokuwa ukimaliza sangara wachanga. Nyavu nyingi haramu ziliteketezwa. Lakini yalizuka pia malalamiko ya wananchi waliosema kwamba walipigwa na mitumbwi yao kuchomwa, hata yakafika Bungeni. Askari mwenye busara hawezi kuyapuuza, kwani mvuvi anayemwogopa hatampa habari, na doria isiyopewa habari ni kipofu majini.

Wala tusidhani kwamba silaha hazina kazi. Mtu mwenye baruti mkononi hasimamishwi kwa maneno matupu. Hata hivyo, mifano hii yatufundisha mambo matatu. Kwanza, sheria ielezwe kabla ya kutekelezwa. Pili, mwanakijiji apewe sehemu katika ulinzi na katika faida yake, maana yeye hukaa pale siku zote, hali askari huhamishwa. Tatu, afuatiliwe anayeuza baruti na nyavu haramu, asikamatwe mnyonge wa mtumbwini peke yake.

Operesheni huwa na mwisho wake, na kikosi hurudi kambini. Siku hiyo ndipo itakapojulikana kama tuliwaachia wananchi ulinzi, au tuliwaachia hofu tu, ambayo nayo itaondoka pamoja na boti zetu.