Matokeo ya mto yasiishie kwa daftari

Juzi nimepita Mto Sio nikapata wanafunzi wako ndani ya maji hadi magotini, wanageuza mawe. Nikadhani wanatafuta samaki. Kumbe wanahesabu wadudu!

Wasee, hii kitu haihitaji maabara. Chini ya jiwe ukipata wale wadudu wadogo wenye mikia mitatu, mto bado unapumua. Ukipata tu minyoo myekundu ya matope, jua kuna shida. (Bado chemsha ya kunywa, vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho.)

Sasa mbona matokeo yanaishia kwa daftari, mwalimu anaweka tiki, basi? Huku juu tunaosha boda, pale chini mama anachota maji. Mimi niliacha chuo, lakini hiyo hesabu naielewa. Sio inaingia Ziwa Victoria, Mto Malaba unaishia upande wa Ziwa Kyoga, Uganda. Maji hayapigi foleni kwa kastamu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema maji safi ni haki. Walimu, wapelekeni hao watoto wasome matokeo kwa baraza ya chifu, wabandike sokoni. Na sisi wa boda, tuoshee mbali na mto. Naanza na yangu.