Tabasamu la sindano lataka tahadhari

Siku hizi mjini Nairobi zipo kliniki zinazowatangazia watu, hasa vijana, kwamba mtu ambaye ufizi wake wa juu huonekana anapocheka ana kasoro, na kwamba kasoro hiyo yaweza kuondolewa kwa sindano chache, katika muda mfupi. Mimi sina ugomvi na mtu mzima anayetumia fedha zake kujirembesha apendavyo. Ninalolipinga ni kuuzwa kwa huduma hii kana kwamba ni poda au wanja, ilhali kilichomo ndani ya sindano ile ni sumu.

Naam, ni sumu. Hutokana na bakteria ambayo mwanasayansi wa Ubelgiji, Emile van Ermengem, aliigundua baada ya watu waliokula nyama ya nguruwe iliyoharibika kudhurika mwaka wa 1895. Sumu hiyo huukatiza ujumbe unaotoka kwenye neva kwenda kwenye msuli, na msuli hulegea. Ikienea mwilini, hulegeza hata misuli ya kupumulia, na mtu akafa. Hata hivyo, kiasi kidogo mno chaweza kufaa. Daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, aliitumia kutibu makengeza, na Marekani ikaiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka wa 1989. Idhini ya kunyoosha makunyanzi yaliyo baina ya nyusi ilitolewa mwaka wa 2002. Kuhusu ufizi, idhini mahususi haikutolewa nchini humo. Daktari huitumia kwa uamuzi na dhamana yake mwenyewe.

Basi ni nani anayefaa kudungwa? Kwa kawaida, madaktari wa meno huhesabu kwamba ufizi umezidi ukionekana kwa kiasi cha milimita 3 au zaidi mtu anapotabasamu. Sababu zake ni nyingi. Huenda mdomo wa juu ni mfupi, au misuli yake huuvuta kwa nguvu mno. Huenda taya la juu limerefuka, au meno hayakutokeza vyema. Aidha, huenda ufizi wenyewe umevimba kwa sababu ya uchafu wa meno, au kwa sababu ya dawa kama vile fenitoini, wanayopewa wagonjwa wa kifafa. Sindano hulegeza misuli tu. Mwenye ufizi uliovimba anahitaji kusafishwa meno, na pengine kubadilishiwa dawa na daktari wake. Akidungwa sindano badala yake, ugonjwa utabaki pale pale, ila sasa umefunikwa na mdomo.

Isitoshe, nafuu yenyewe ni ya miezi michache tu, kisha mtu hulazimika kurudi na kulipa tena. Nayo sindano ikikosea mahali au kipimo, tabasamu huenda upande, au mdomo hulegea hata kunywa na kutamka maneno kukawa taabu. Hatari kubwa zaidi ni dawa bandia na mikono isiyo na ujuzi. Mwaka wa 2024, wakuu wa afya wa Marekani walitangaza kwamba watu 22 katika majimbo 11 walikuwa wamedhurika baada ya kudungwa sindano za aina hii, baadhi yao na watu wasio na leseni, na 11 kati yao wakalazwa hospitalini. Ikiwa hayo yalitokea huko, sisi tuna kinga gani?

Ningependa pia tujiulize ni nani aliyetuamulia kwamba ufizi ni aibu. Mwanya, ambao baadhi ya madaktari wa meno huuhesabu kuwa pengo la kuzibwa, watu wetu wameusifu kwa vizazi kuwa pambo la uso. Uzuri hauna kipimo kimoja, na msichana anayefunika mdomo kwa kiganja kila achekapo huenda hakuumizwa na ufizi wake bali na maneno ya wenzake.

Kwa hivyo, naihimiza Bodi ya Famasia na Sumu ihakikishe kwamba dawa hii haimfikii mtu asiyeruhusiwa kuitumia. Nalo baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno lisimwonee haya yeyote anayedunga watu bila kibali. Tena, England ilipiga marufuku mwaka wa 2021 kuwadunga sumu hii kwa ajili ya urembo walio chini ya umri wa miaka 18. Bunge letu lina wajibu wa kuwalinda watoto wetu vivyo hivyo.

Nawe msomaji, wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla hujainua uso wako udungwe, uliza mambo matatu: ni nini kinachosababisha ufizi wangu kuonekana, dawa hii imetoka wapi, na anayenidunga amesajiliwa na nani? Asiyeweza kukujibu hastahili kukugusa.