Ndege wa maji taka

Jamani, ukitaka kuona bata wa Ulaya hapa Nairobi, waende ukawatafute Ruai, kwenye mabwawa ya maji taka ya Dandora. Ndiyo, yale yale yanayopokea sehemu kubwa ya tunachokivuta chooni.

Cheka, lakini sababu ipo. Maji hupita polepole bwawa hadi bwawa, yakisafishwa na bakteria, mwani na jua. Uchafu hulisha mwani, mwani hulisha viluwiluwi, viluwiluwi hulisha ndege. Mabwawa ya mwisho, yenye maji ya nafuu kidogo, ndiyo hoteli yenyewe: bata wenye mdomo kama mwiko waliokimbia baridi, chamchanga, mara nyingine hata flamingo. Wataalamu wameyaorodhesha kati ya maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya.

Ila orodha si sheria. Mei 2020 serikali ilibomoa nyumba Ruai ikidai ardhi ni ya mtambo huo. Watu walilala nje wakati wa korona, jambo la aibu kabisa. Katika mabishano yote kuhusu hati, mimi sikusikia ndege wakitajwa.

Vinamasi vingi vya jiji tumeshavijengea. Siku mtambo wa kisasa, usiohitaji mabwawa mapana, utakapokuja (na tunauhitaji, mto unanuka!), wahandisi wayaache yale ya mwisho, yapokee maji yaliyosafishwa. Na iandikwe kwenye mkataba kabla tingatinga halijawashwa.