Nani Aliyemlaani?

Hapa Isinya, kando ya barabara iendayo Namanga, mtoto azaliwapo na ugonjwa wa kichwa maji wapo wanaouliza kwanza mamaye alimkosea nani. Swali hilo ni la kijinga, tena la kikatili. Maji hutengenezwa ubongoni mwa kila mmoja wetu kila siku. Ya mtoto huyu yamekosa njia ya kutoka, basi. Daktari humtia mrija chini ya ngozi, nao huyateremsha hadi tumboni. (Nanyi mnaotukanana "kichwa maji" uwanjani, jueni mnatukana nani.)

Lakini mrija huweza kuziba. Mtoto akitapika na kusinzia ovyo, mama hana budi kuondoka saa ile ile, ingawa ni usiku, aende Nairobi, au aipite hadi Kijabe, kwa wapasuaji wa watoto. Nani atabaki na wadogo? Nani atachunga mbuzi? Majirani humwambia, "Pole, mama, Mungu akutie nguvu," kisha hufunga milango. Nguvu anazo, alichokosa ni mikono. Wavulana wawili wa shule hii wangeweza kuwachunga mbuzi hao Jumamosi na Jumapili mpaka arudi. Sijaona hata mmoja aliyejitolea.