Sezoni mupya inakawia: jibu linatuhusu sisi wachimbaji

Hapa Bule, tangu miezi mingi kuko swali moja linazunguka: sezoni ya tatu ya House of the Dragon itafika siku gani? Vijana wanauliza mwenye kibanda cha video. Mwenye kibanda anauliza wale wa pikipiki wanaotoka Bunia na kadi za memori. Wa pikipiki wanajibu: «Bado». Sezoni ya kwanza ilianza mwezi wa nane 2022, na epizodi 10. Ya pili ilianza mwezi wa sita 2024, epizodi 8 tu, tena ikakatika pale pale majeshi yalipoanza kutembea kwenda vitani. Watu wakatoka kibandani na kasirani. Kampuni HBO imetangaza ya tatu kwa mwaka huu wa 2026. Kwa hiyo karibu miaka mbili nzima watu wanangoja.

Wazee wengi wanachekelea jambo hili. Wanasema: mutu anashinda ndani ya shimo, nyumba yake iliunguzwa, watoto wake hawana masomo, halafu anakosa usingizi juu ya majoka ya Wazungu? Sisi wa sendika hatuchekelei. Tunaona kwamba wale vijana wanauliza swali la muzuri, ila wanaliuliza nusu. Wanauliza sezoni itafika siku gani. Hawaulizi juu ya nini inakawia, wala nani anaitengeneza, na yule mwenye kuitengeneza analipwa namna gani. Ile nusu ya pili njo inatuhusu.

Kwanza tuseme juu ya nini wachimbaji wanaipenda hadithi hii. Ni hadithi ya ndugu mbili wa baba moja, Rhaenyra na Aegon, wanaogombania kiti kimoja. Wakubwa wanapanda majoka yenye mabawa, na wadogo chini wanaungua. Mu sezoni ya pili, bahari inafungwa, chakula hakiingii tena mu muji wa mfalme. Watu wana njaa, na wanaona kondoo wanapitishwa barabarani kwenda kulisha majoka. Kuko fundi wa chuma, jina lake Hugh. Anakuja mbele ya mfalme kijana, anasema: sisi mafundi tunakutengenezea silaha, chuma kimepanda bei, utulipe kwanza. Mfalme anakubali mbele ya watu wote. Kisha tunamuona Hugh nyumbani kwake, mutoto ni mugonjwa, na makuta ya mfalme haijafika. Pale kibandani hakuna mwenye kuhitaji kufasiriwa. Kila mutu anajua ahadi ya namna ile.

Kuko tena pale mutoto wa mfalme anauawa, na mumoja wa wauaji alikuwa mukamata panya wa nyumba ya mfalme. Mfalme hajui ni yupi kati yao. Basi anaamuru wakamata panya wote watundikwe. Nani kati yetu hajaona vile? Mutu moja anafanya kosa mu karé, na kesho yake wachimbaji wote wanafukuzwa, na mashimo yao yanapewa wengine.

Wengine wanauliza: watu wa Bule, waliouona usiku wa tarehe 1 kuamukia 2 mwezi wa pili 2022 pale kambi ya Savo, wanatafuta nini tena mu filamu za vita? Makumi ya watu walikufa usiku ule, na watu wengi bado wanaishi chini ya hema. Sisi tunafikiri mutu aliyepita mu vita hatafuti vita mu filamu. Anatafuta kuona wazi nani aliwasha moto, na kwa faida gani. Mu filamu wakubwa wanaonekana sura zao, wanasikiwa pale wanapokata shauri. Kwetu, wanaokata shauri hawaonekanaka.

Sasa tuingie mu ile nusu ya swali ambayo haiulizwi.

Tarehe 2 mwezi wa tano 2023, wale wanaoandika filamu na seri kule Marekani waliweka kalamu chini. Sendika yao, Writers Guild of America, iko na watu karibu 11,500. Tarehe 14 mwezi wa saba, wacheza filamu nao wakaingia mu mugomo. Sendika yao, SAG-AFTRA, iko na watu karibu 160,000. Waandishi waligoma siku 148, wacheza siku 118. Kazi ikalala. Munaoijua seri Stranger Things mutakumbuka: sezoni ya ine ilitoka 2022, ya tano ikatoka mwisho wa 2025. Kazi ya ile ya tano ilikuwa ianze 2023. Wenye kuitengeneza wakasema wazi kwamba hawataanza wakati waandishi wako nje. Ikaanza mwezi wa kwanza 2024.

Kwa House of the Dragon ilikuwa mbalimbali, na tuseme kweli yote. Mugomo haukusimamisha sezoni yake ya pili. Maandishi yalikuwa yamekwisha mbele, na wacheza wengi wanafanya kazi Uingereza, chini ya mikataba ya sendika ya kule, Equity. Sheria ya Uingereza inakataza mufanyakazi kugoma juu ya kusaidia wafanyakazi wa bwana mwingine. Kwa hiyo wale wa Uingereza waliendelea kucheza, ata kama moyo wao ulikuwa pamoja na wenzao. Munaona namna sheria inaweza kutenganisha watu wa kazi moja? Kukawia kwa sezoni ya tatu ni juu ya kazi yenyewe: kuandika, kuigiza miezi mingi, kisha kutengeneza majoka kwa kompyuta, sekunde kwa sekunde. Hakuna joka linalotoka mu kompyuta peke yake. Kuko mikono.

Wale waandishi walitaka nini? Zamani, filamu ikirudishwa mu televizyo, mwandishi alipata kidogo kila mara. Tangu watu wameanza kuangalia kwa intaneti, kile kidogo kilipunguka sana, na kampuni haikuonyesha ata watu wangapi wameangalia. Tena waliogopa mashine zinazoandika zenyewe zichukue nafasi yao. Mwishoni walipata mukataba: mashine haitahesabiwa kuwa mwandishi, seri zinazoangaliwa sana zinaongeza malipo, na kampuni zinalazimishwa kuandika idadi fulani ya watu kwa kazi. Hawakupata yote. Lakini iliandikwa, na pande zote zikatia sahihi.

Sasa angalieni hapa kwetu. Mchimbaji anatoa mchanga, anausafisha, anapima renge yake kwa negosian, anapewa makuta, kwisha. Dhahabu inaenda Bunia, inaenda Kampala, inaenda Dubai, na kila pahali inapopita inaongeza bei. Mu mwezi wa kumi 2025, bei ya dunia ilipita dola 4,000 kwa aunsi moja, ambayo ni gramu 31 hivi. Kila mchimbaji ajiulize: bei ya renge hapa ilipanda sawa na ile? Kama haikupanda, tofauti ilibaki mu mufuko wa nani? Ni swali lile lile la waandishi: wanaona mangapi, na sisi wanatuonyesha mangapi?

Kuko watu watatuambia: wale ni watu wa Hollywood, wana magari, wana akiba, sisi tunakula dhahabu ya leo leo. Ni kweli kwamba hatulingani. Lakini ata kule, wengi wa wanasendika hawajulikani jina, wanalipa nyumba kila mwezi, na wakati wa mugomo walitafuta kazi ndogondogo. Kilichowashikilia kilikuwa vitu vitatu: orodha ya wanamemba inayojulikana, kasha lililochangiwa mbele ya shida, na sauti moja ya kuzungumuza. Ile ya kwanza na ya tatu haiombi makuta. Na ya pili inaweza kuanza na kidogo.

Wengine watasema mchimbaji hana bwana, kwa hiyo hana wa kumugomea. Hapa kuko uongo uliojificha. Hakuna mushahara, ni kweli, lakini kuko mwenye shimo, kuko PDG, kuko mwenye mashine ya kuponda mawe, kuko negosian. Kila mumoja anachukua sehemu yake, na karibu kila sehemu inapatanwa kwa mudomo. Siku shimo linatoa, masikilizano yanageuka. Siku shimo linaanguka, hakuna anayejua nani atanunua sanduku la maiti. Katiba ya inchi yetu, kifungu cha 38, inatambua uhuru wa sendika, na kifungu cha 39 inatambua haki ya kugoma. Sheria ya madini, tangu ilipogeuzwa 2018, inataka wachimbaji wa mikono wawe mu kooperative. Karatasi ziko. Kinachokosa ni watu wanaosimama nyuma ya zile karatasi.

Wakubwa kidogo watakumbuka seri ingine, Legend of the Seeker. Ilitoka kati ya 2008 na 2010, sezoni mbili, epizodi 44. Mu Afrika ya Mashariki watu waliipenda sana, na kwa miaka walingojea sezoni ya tatu. Haikufika, na haitafika. Stesheni za televizyo zilizokuwa zinainunua kule Marekani ziliiacha, ikakwisha. Wapenzi wake waliandika barua, waliomba, wapi. Juu ya nini? Kwa sababu mwenye kuangalia anaweza kungoja tu na kuomba tu. Kazi haiko mu mikono yake. Waandishi wa 2023 walisikiwa kwa sababu kazi ilikuwa mu mikono yao. Na sisi, kazi iko mu mikono ya nani?

Kwa hiyo tuko na maombi, na si makubwa.

Kwa wenye vibanda vya video, hapa Bule na pale karibu na mashimo: siku sezoni itakapofika, kibanda kitajaa kuliko siku ya mupira. Mutupatie dakika 20 mbele ya filamu. Hatutafanya siasa, hatutasema kabila la mutu. Tutasoma hesabu ya kasha mbele ya wote, tutaeleza namna ya kuandika masikilizano ya shimo juu ya karatasi moja: nani anapata sehemu gani, nani anatunza mugonjwa, nani anapima na mizani gani. Kisha munawasha filamu yenu. Hamutapoteza ata mutu moja, maana hakuna atakayetoka nje.

Kwa wazazi: seri hii si ya watoto. Kuko mambo ya damu na ya chumbani ambayo mutoto wa miaka kumi hana haki ya kuona usiku kati ya watu wakubwa. Wenye vibanda wanajua, lakini wanafunga macho juu ya makuta. Mama na baba muwasaidie kufungua macho.

Kwa wake wa wachimbaji na kwa mama wanaosafisha mchanga: mukutano wa sendika si wa wanaume tu. Mara nyingi ni ninyi munaobaki na deni siku shimo linafunga. Jina lenu liandikwe vilevile mu orodha, si mu jina la bwana.

Na kwa vijana: endeleeni kupenda hadithi zenu. Mukumbuke tu ya kwamba sezoni itafika ata kama tumelala, juu kuko watu wa mbali waliokataa kufanya kazi bila karatasi. Karatasi yetu sisi haitaletwa na pikipiki ya Bunia. Siku ya soko muje mwandikishe majina.